Wanawake wa Enzi ya Tudor: Tuanze na Wasia, Malkia Asubiri

Katika mji wa Lewes, kusini mwa Uingereza, ipo nyumba ya mbao ya karne ya 15 iitwayo Anne of Cleves House. Anne wa Cleves, mke wa nne wa Henry VIII, hakuwahi kuishi humo. Ndoa yake ilifungwa Januari 1540 na kubatilishwa Julai mwaka huohuo. Katika mafao ya kuachana alipewa mashamba na majumba kadhaa ya kumwingizia kodi, na nyumba hii ilikuwa mojawapo. Alikuwa mwenye nyumba aliyekula kodi kwa mbali. Hata hivyo, jina lililobaki mlangoni ni lake, na majina ya walioishi, waliopika na kuzaa humo hayamo.

Norfolk kuna kisa cha aina hiyo, tena kikubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba kila tarehe 19 Mei, siku aliyokatwa kichwa Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry VIII, mwaka 1536, mzuka wake hufika jumba la Blickling kwa gari la farasi, kichwa kikiwa mapajani. Jumba linaloonekana leo lilianza kujengwa mwaka 1616, miaka 80 baada ya kifo chake. Familia yake ilikuwa na makazi papo hapo kabla ya jumba hili, na huenda alizaliwa hapo. Lakini mzuka huo, kama upo, unaingia nyumba asiyoijua.

Mambo haya hayatokani na uongo wa makusudi. Ukiwauliza wahudumu wa Lewes au Blickling watakueleza ukweli bila kusitasita. Kasoro iko kwenye utaratibu wenyewe wa kuandaa mihadhara na siku za urithi wa kihistoria kuhusu wanawake wa enzi ya Tudor, yaani miaka ya 1485 hadi 1603. Huanza na jina kubwa, kisha hutafuta nyumba ya kulitundika. Ingefaa kuanza na nyumba, kutoka kwenye nyumba kwenda kwenye karatasi zake, na kutoka kwenye karatasi kumpata mwanamke. Njia hii haina gharama kubwa. Inataka uvumilivu, na inataka mwandaaji akubali kwamba mhusika wake mkuu atakuwa mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia.

Nyumba isiyo yenyewe

Mfano wa kufundishia kuliko yote uko Wilmcote, kijiji kilicho maili chache kutoka Stratford-upon-Avon. Mary Arden, mama yake Shakespeare, alikulia hapo. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 wageni walionyeshwa nyumba moja nzuri ya nguzo za mbao, wakaambiwa ndiyo kwao. Mwaka 1930 taasisi ya Shakespeare Birthplace Trust ikainunua. Kwa miaka 70 watu wakapitishwa jikoni "kwa Mary", mpaka mwaka 2000 utafiti wa hati za ardhi ulipobainisha kuwa nyumba ile ilikuwa ya jirani, Adam Palmer. Nyumba ya akina Arden ni ile ya karibu yake, Glebe Farm, ambayo kwa nje ina matofali ya baadaye na haikuwa na mvuto wowote wa kupigiwa picha. Kwa bahati taasisi ilikuwa imeinunua nayo mwaka 1968. Mbao zake zilipopimwa kwa pete za miti, zilionekana zimekatwa mwaka 1514.

Kosa lilianza kwa sababu rahisi kabisa: nyumba nzuri ilishinda nyumba mbaya. Aliyeonyesha nyumba ya kwanza hakuwa na hati mkononi, na waliofuata walirithi neno lake. Kinachonishangaza ni kwamba karatasi zilizokuwa na habari tamu kuliko nyumba zenyewe zilikuwa zikijulikana muda wote.

Robert Arden, baba yake Mary, aliandika wasia Novemba 1556. Alikuwa na mabinti wanane. Mary, kitinda mimba, aliachiwa shamba liitwalo Asbies pamoja na mazao yaliyokuwa yamesimama shambani, na pauni 6, shilingi 13 na peni 4. Yeye na dada yake Alice wakateuliwa kuwa wasimamizi wa wasia. Mjane, Agnes, ambaye kwa mabinti hao alikuwa mama wa kambo, aliachiwa kiasi hichohicho cha fedha kwa sharti kwamba amwachie Alice nusu ya shamba la kukodi bila bugudha. Akikataa, fedha zapungua. Sentensi moja ya wasia inakuonyesha nyumba yenye mama wa kambo, mabinti, na baba anayejua akifumba macho tu kutakuwa na ugomvi.

Mary akaolewa na John Shakespeare. Mwaka 1578 ardhi ya urithi wake iliwekwa rehani kwa pauni 40 kwa Edmund Lambert, mume wa dada yake. Kesi zilizofuata zilifika mpaka mahakama ya Chancery, na ardhi haikurudi. Mhadhara wa saa moja juu ya shamba la Asbies ungemweleza msikilizaji sheria ya ndoa, deni, udugu na ardhi kuliko ziara kumi za kuonyeshwa jiko. Na hauhitaji kujua nyumba ipi ni ipi.

Kwa nini wajane wanasikika

Sheria ya wakati ule ndiyo iliyoamua nani atabaki kwenye karatasi. Mwanamke akiolewa, utu wake wa kisheria ulimezwa na wa mumewe. Mali inayohamishika, kuanzia ng'ombe hadi shanga, ikawa ya mume papo hapo. Ardhi aliyokuja nayo, mume aliisimamia na kula kodi yake, ingawa kuiuza moja kwa moja kulitaka mke ahojiwe mahakamani akiwa peke yake, ili ithibitike anaridhia. Wasia hakuweza kuandika bila idhini ya mume. Mume akifa, mlango ukafunguka: mjane alistahili theluthi ya ardhi kwa maisha yake yote, aliweza kushtaki, kukopesha, kujenga na kuandika wasia wake mwenyewe.

Ndiyo maana mwanamke mjenzi tunayemjua vizuri kuliko wote ni mjane wa mara nne. Elizabeth Talbot, Bess wa Hardwick, alizikwa mwaka 1608 baada ya kuolewa na kufiwa mara nne, na kila ndoa ilimwacha juu kidogo ya ile iliyotangulia. Mume wa nne, George Talbot wa Shrewsbury, mlinzi wa Mary malkia wa Scotland tangu 1569 hadi 1584, alifariki Novemba 1590. Jumba jipya la Hardwick huko Derbyshire lilijengwa kuanzia mwaka huo mpaka 1597, kwa ramani inayohusishwa na Robert Smythson. Ni miaka ileile ambayo Wareno walikuwa wakiinua Ngome ya Yesu Mombasa, na meli ya Mwingereza James Lancaster ilikuwa imetia nanga Unguja. Herufi ES, za jina lake kama Elizabeth wa Shrewsbury, zimekatwa kwenye mawe juu ya minara, zionekane kutoka mbali.

Waongozaji wengi huishia kwenye madirisha. Madirisha yenyewe yana la kusema: yanakuwa marefu zaidi kadiri unavyopanda, kwa sababu vyumba vya heshima viko juu kabisa, na baadhi ni ya uongo, nyuma yake kuna dohani, yamewekwa ili ukuta ulingane. Lakini hazina ya Hardwick ni orodha ya vitu ya mwaka 1601, iliyoambatana na wasia wake. Chumba chake cha kulala kimeorodheshwa kitu baada ya kitu: mablanketi tele, vitambaa vizito vilivyoning'inizwa mbele ya milango, vioo, shisha ya mchanga ya kupimia saa, na vitabu vyake sita, kimoja kikiwa cha Calvin juu ya Ayubu. Hesabu mablanketi na utajua kioo kingi chasaidia nini wakati wa baridi ya Derbyshire. Mwanamke wa zaidi ya miaka 70, tajiri wa kupindukia, alikuwa anahangaika na upepo wa mlangoni.

Tatizo la Bess ni kwamba anawafunika wengine. Mihadhara inayotangazwa kuwa ya "wanawake wa Tudor" mara nyingi ni ya wake sita wa Henry VIII, malkia Elizabeth, na yeye. Wake za watu wa kawaida na watumishi wa ndani wanaonekana kwa mlango wa nyuma. Mtumishi hutokea kwenye wasia wa bibi yake akiachiwa sketi ya sufu au kondoo. Hutokea pia kama shahidi kwenye mahakama za kanisa, na hapo ndipo penye utajiri kwa anayeandaa ziara ya nyumba. Karani aliandika umri wake, alikozaliwa, anavyojipatia riziki, kisha alisimama wapi, aliona nini kupitia ufa upi, na alisikia maneno gani kutoka chumba cha pili. Kesi za kashfa na za ahadi za ndoa zimejaa milango, ngazi na kuta nyembamba.

Barua nazo zipo, ila zina hila yake. Barua za Honor Lisle zimesalia kwa sababu mumewe, gavana wa Calais, alikamatwa mwaka 1540 na makaratasi ya nyumba nzima yakachukuliwa na serikali. Barua za Sabine Johnson, mke wa mfanyabiashara wa sufu wa Glapthorn, Northamptonshire, zimesalia kwa sababu biashara ya mumewe ilifilisika. Nyumba zilizoishi kwa amani zilichoma barua zao. Anayezitumia barua hizo kuelezea "maisha ya kawaida" akumbuke zilifikaje mikononi mwake.

Kuandaa mhadhara: palipo na mitego

Chukua nyumba moja na hati moja. Hati nzuri kwa kuanzia ni wasia wa mjane ukiambatana na orodha ya mali ya marehemu. Wasia uliothibitishwa katika mahakama kuu ya kanisa ya Canterbury uko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Kew, na picha zake hupatikana mtandaoni. Orodha za mali za mahakama hiyo kabla ya 1660 nyingi zimepotea, kwa hiyo za watu wa kawaida zitafute kwenye hifadhi za nyaraka za wilaya, zilikotunzwa za mahakama za maaskofu. Rejista za ubatizo, ndoa na maziko zilianzishwa kwa amri ya mwaka 1538. Mwaka 1598 iliamriwa zinakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558 Elizabeth alipoingia madarakani, na makarani wengi wakaanzia hapo na kuyaacha ya nyuma. Usishangae rejista ya kijiji chako ikianza 1558, na usiseme kabla ya hapo hakukuwa na watu.

Tarehe ndizo zinazowaangusha wengi. Mwaka ulihesabiwa kuanzia 25 Machi. Elizabeth alikufa 24 Machi 1603 kwa hesabu yetu, ambayo kwa hesabu yao ilikuwa siku ya mwisho ya mwaka 1602. Wasia wa Februari 1560 ni wa Februari 1561 kwetu. Usipolijua hili, utamkuta mjane ameolewa tena kabla mume hajafa, na utaanza kumsingizia mambo. Hati nyingine huhesabu miaka ya utawala: mwaka wa 23 wa Elizabeth unaanzia 17 Novemba 1580 hadi 16 Novemba 1581.

Namba ziliandikwa kwa herufi za Kirumi, na i ya mwisho ikavutwa kuwa j. Herufi mbili za xx zikiwekwa juu, kwa udogo, maana yake ni ishirini-ishirini: iiij na xx juu yake ni 80. Wapo wanaosoma 24, na kundi la kondoo linayeyuka mbele ya wasikilizaji. Peni 12 ni shilingi, shilingi 20 ni pauni.

Kubadilisha fedha hizo kuwa pauni za leo ni kazi bure, kwani bei za vitu hazikupanda kwa pamoja. Pima kwa mshahara. Miaka ya 1570 kibarua wa ujenzi kusini mwa Uingereza alipata takriban peni 8 kwa siku. Mwaka 1581 Richard Hathaway wa Shottery alimwachia binti yake pauni 6, shilingi 13 na peni 4, zilipwe siku ya harusi. Hizo ni peni 1,600, yaani siku 200 za kibarua. Sasa msikilizaji anaelewa. Ataelewa pia kwamba Robert Arden alipomwachia Mary kiasi hichohicho miaka 25 nyuma, hakuwa akibahatisha: ni sawa na maki 10 (maki moja ni shilingi 13 na peni 4), kiwango cha mviringo kwa mahesabu yao. Na kumbuka kwamba binti huyo wa Hathaway, aliyekuwa mke wa Shakespeare mwaka uliofuata, wasia unamwita Agnes, si Anne. Majina hayo mawili yalibadilishana kwa mtu mmoja, hivyo ukitafuta kwa jina moja tu utapoteza nusu ya wanawake wa kijiji.

Orodha ya mali ndiyo hati inayopendeza kuliko zote kwa ziara, kwa kuwa majirani wawili hadi wanne walipita chumba kwa chumba wakiandika na kukadiria bei. Unaweza kuwafuata njia waliyopita. Lakini orodha ina mapengo, na mhadhiri asiyeyasema anadanganya. Ardhi na nyumba yenyewe havimo. Chumba kisicho na kitu cha thamani huenda hakikutajwa, kwa hiyo "nyumba ya vyumba vinne" inaweza kuwa ya saba. Sanduku la mtumishi halimo, kwa sababu si mali ya marehemu. Mke aliyekufa kabla ya mumewe karibu hana orodha kabisa. Nguo zake zote za maisha, kama yumo, zimefungwa kwenye mstari mmoja: "mavazi yake".

Yapo mambo matatu yanayorudiwa kila msimu na inafaa yaachwe. La kwanza, kwamba wasichana wote waliolewa na miaka 12 au 13. Kwa watu wa kawaida wastani wa umri wa mwanamke kuolewa mara ya kwanza ulikuwa kwenye miaka ya 25 hivi. Margaret Beaufort, aliyemzaa Henry VII mwaka 1457 akiwa na miaka 13, alikuwa wa tabaka la juu, na hata wakati wake ilionekana mapema mno. La pili, kwamba wengi wao walikufa wakijifungua. Makadirio ya wanahistoria ni kama kifo 1 kwa kila uzazi 100. Ni hatari kubwa ukizingatia idadi ya uzazi, lakini si "wengi". La tatu ni mzuka, ambalo tumeshalimaliza.

Kuisoma nyumba yenyewe

Mgeni kutoka pwani yetu au bara atazitambua kuta za enzi hiyo haraka kuliko Mwingereza wa leo: ni nguzo za mwaloni, katikati fito, na udongo wa kukandika. Maungio ni ya ulimi na tundu, yakikazwa kwa vigingi vya mti. Mwaloni ulichongwa ungali mbichi, ndiyo maana nyumba hizi zimepinda. Zilikaukia zikiwa zimesimama.

Weusi wa mbao na weupe wa kuta unaouzwa kama sura ya Tudor kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Mwaloni wa zamani uliachwa ugeuke kijivu, au ukapakwa chokaa pamoja na ukuta. Adui mkubwa wa nyumba hizi ni saruji ya karne ya 20. Chokaa hupitisha unyevu, saruji huuzuia ndani, na mwaloni uliodumu miaka 400 huoza kwa miongo michache. Anayezijua nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe Unguja anaifahamu hasara hiyo bila kuelezwa.

Kitu cha kwanza cha kutazama ni makombamoyo ya paa. Yakiwa na masizi, basi chini yake palikuwa na ukumbi wazi wenye moto katikati ya sakafu, na dari unayoiona iliongezwa baadaye. Dohani zilienea karne ya 16. Padri William Harrison wa Radwinter, Essex, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijiji walitaja mabadiliko matatu waliyoyaona maishani mwao: wingi wa dohani, vyombo vya madini badala ya mbao, na malazi bora, kwa maana zamani mito ya kulalia ilidhaniwa ni ya mwanamke aliyejifungua tu. Dohani ikimaanisha moto ukutani, ghorofa ikapata sakafu, chumba cha juu kikapata joto, na kazi za nyumbani zikagawanyika vyumbani. Kama nafasi ni ya jambo moja tu kwenye ziara, ningelichagua hili kabla ya kitanda chochote cha malkia.

Upimaji wa pete za miti unahitaji sampuli nyembamba inayotobolewa kwenye boriti, iwe na pete zisizopungua 50 hivi. Sehemu ya nje ya ubao, chini ya gome, ikiwepo, mwaka wa kukatwa mti hupatikana, pengine hata majira. Ikiwa fundi aliichonga ikaisha, unabaki na makadirio. Hushindikana pia mti ukiwa ulikua haraka mno, na hupotosha boriti ikiwa imetolewa nyumba nyingine kuukuu, kwa hiyo boriti moja haitoshi. Na tarehe hiyo ni ya kukatwa mti. Haikuambii nani alihamia.

Alama zilizochorwa kwenye mbao zinahitaji tahadhari. Namba za Kirumi zilizochongwa kwenye maungio ni za mafundi, za kujua boriti ipi inaingia wapi. Maua ya duara yaliyochorwa kwa bikari, na madoa ya moto yenye umbo la tone, huchukuliwa kuwa ya kujikinga na mabaya. Madoa hayo si ajali ya mshumaa: ili yatokee mwali lazima ushikiliwe hapo kwa makusudi. Ila muongozaji anayesema "hizi zilichorwa na wanawake" hana ushahidi wowote mkononi, hata kama wasikilizaji wanapenda.

Siku yenyewe

Dakika 40 hadi 45 za mazungumzo, kisha maswali. Hati usiionyeshe kwenye skrini na kuisoma yote. Mwandiko wa makarani wa wakati ule hausomeki kwa mbali, na sauti ya msomaji inageuka kuwa orodha ya sokoni. Onyesha picha ya mistari mitatu, na uwagawie watu nakala iliyochapwa kwa herufi kubwa. Waache watafute wenyewe kitu kisichoeleweka. Vyumba vya juu viingize watu kwa makundi ya 12 hadi 15, na uzito wa sakafu aulizwe mhandisi mapema, maana umati hukusanyika palepale kwenye kitanda. Viatu vya visigino vyembamba vinatoboa mbao. Nyumba nyingi huvikataa mlangoni. Vitambaa vya kale vinavumilia mwanga wa kama laksi 50, basi mapazia yatafungwa na watu watalalamika giza. Waeleze sababu kabla hawajaingia. Mishumaa iwe ya betri.

Kuhusu waigizaji waliovaa mavazi ya zamani nina shaka moja tu, nayo ni nzito. Mwigizaji anayejifanya yuko mwaka 1560 hawezi kujibu swali muhimu kuliko yote: "Umejuaje?" Avae, sawa, na aonyeshe shati la kitani la ndani, gauni la sufu, kitambaa cha kichwa na pini zinazoshikilia kila kitu, lakini aongee kama mtu wa leo.

Wanaoombwa kuzungumza juu ya Waafrika wa enzi hiyo wana hati nzuri, kwa hiyo hakuna haja ya kutia chumvi. Mary Fillis, mwenye asili ya Moroko, alibatizwa kanisa la St Botolph, Aldgate, London, 3 Juni 1597, akiwa na miaka 20 hivi, akimtumikia mshonaji. Cattelena wa Almondsbury, karibu na Bristol, alikufa mwaka 1625, kwa hiyo ni wa enzi ya Stuart, iliyofuata ya Tudor, na isemwe hivyo. Alikuwa mwanamke asiye na mume, na orodha ya mali yake imebaki: matandiko, vyungu vidogo, vijiko, kinara, kasha, na ng'ombe mmoja aliyekuwa na thamani kuliko vingine vyote vikijumlishwa. Meza haimo, kiti hakimo. Pengine aliishi nyumba ya mtu mwingine. Hati inaishia hapo, na mzungumzaji aishie hapohapo, asimfanye mtumwa wala binti mfalme.

Waandaaji watasema malkia ndiye anayejaza ukumbi, na hawakosei. Sina ugomvi na malkia anapokuwa kwake. Katika ngome ya Kenilworth, Robert Dudley, kipenzi cha malkia, alijenga vyumba kwa ajili ya Elizabeth, naye alikaa siku 19 mwaka 1575. Bustani ya ziara hiyo imetengenezwa upya mwaka 2009 kwa kufuata maelezo ya wakati huo na uchimbuaji, na tangu 2014 kuna ngazi za kumpandisha mgeni mpaka usawa wa vyumba vyake. Hapo jina, hati na ukuta vinakubaliana. Katika ngome ya Hever nako Anne Boleyn alikulia kweli, ila mbao nyingi za kuchongwa za ndani ni za William Waldorf Astor aliyeinunua mwaka 1903, na mgeni ana haki ya kuambiwa kabla hajaanza kuzipapasa.

Kwa nyumba ndogo isiyo na malkia, fursa ya uhakika ni Heritage Open Days kila Septemba, utaratibu ulioanza England mwaka 1994, ambapo kuingia ni bure na hata nyumba za watu binafsi hufunguliwa. Saa moja kuhusu malkia ukumbini, halafu saa moja na orodha ya mjane mkononi mkipita chumba kwa chumba: watakaokuja kwa la kwanza watabaki kwa la pili, mradi la pili lisiwekwe baada ya chai.